Furaha ya Mtoto Isiwe Deni la Wazazi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mpaji wa watoto na Mpaji wa riziki yao. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba wake.

Ndugu zangu katika imani, mtoto anapokaribia kutimiza mwaka, nyumba nyingi siku hizi huingia katika shughuli kubwa. Inaagizwa keki ya ghorofa tatu, linakodiwa turubai na mapambo, zinashonwa sare, anatafutwa mpiga picha. Baba asiye na fedha anakimbilia mikopo ya kausha damu, akatia riba ndani ya nyumba yake kwa mkono wake mwenyewe. Mama anavunja kibubu alichokuwa akiwekea ada ya madrasa. Na mtoto mwenyewe hana habari. Kelele za spika zimemliza mpaka amelala begani kwa bibi yake. Wageni wakishatawanyika, wenye nyumba wanabaki na deni.

Kuhusu kuadhimisha siku ya kuzaliwa kila mwaka, wanachuoni wametofautiana. Wako walioikataza kwa kuwa haikuwa katika mwendo wa Mtume (s.a.w.) na masahaba, na wako walioiona ni desturi tu, isiyo na ubaya ikiepushwa na yaliyo haramu. Kila mzazi amuulize mwanachuoni anayemwamini. Neno langu leo ni kwa pande zote mbili: neema ya mtoto haishukuriwi kwa israfu, wala kwa deni, wala kwa kujionyesha. Na kabla hatujafikiria keki, tukumbuke kwamba dini yetu imekwisha kutupa karamu ya mtoto, nayo ni akika.

Tazameni wepesi wake. Siku ya saba mtoto huchinjiwa, hunyolewa nywele na kupewa jina. Wa kiume huchinjiwa mbuzi wawili, wa kike mmoja. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu katika mwambao huu, akika ni sunna iliyosisitizwa kwa mwenye uwezo, na aliyemchinjia mtoto wa kiume mbuzi mmoja ameipata asili ya sunna hiyo. Abu Daud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliwachinjia wajukuu wake Hasan na Husein kondoo dume mmoja mmoja. Tirmidhi naye amepokea kwamba Bi Fatma aliamrishwa azipime nywele za Hasan na kutoa sadaka fedha ya uzito huo, nao ukawa ni dirhamu moja au pungufu. Dirhamu ni takriban gramu 3. Mjukuu wa Mtume, na sadaka ya nywele zake haikujaza hata kiganja!

Aliyepitwa na siku ya saba asikate tamaa, kwa maana kwa Mashafi wakati wake unaendelea mpaka mtoto abaleghe. Basi wewe uliyekuwa ukipanga sherehe ya mwaka wa kwanza, na mwanao hajafanyiwa akika, fedha hiyo imeshapata pa kwenda. Anza na mnyama: mbuzi aliyetimiza miaka 2, au kondoo aliyetimiza mwaka 1, mzima, asiye na kasoro. Kisha mchele na viungo. Ukifika hapo, simama. Sufuria zinaazimwa mtaani, akina mama wanapika pamoja, mwaliko unapelekwa kwa mdomo. Wanachuoni wamependelea nyama ya akika itolewe ikiwa imepikwa, kwa hiyo huhitaji ukumbi wala viti vya kukodi. Funika sinia kwa kawa, wapelekee majirani.

Wala msione haya kwa uchache. Mtume (s.a.w.) alipomuoa Bi Safia, wakiwa njiani kurudi kutoka Khaybar, kilitandikwa kitanga cha ngozi na kila aliyekuwa na kitu akakileta: huyu tende, huyu samli. Wakavichanganya, wakala, na hiyo ndiyo ikawa walima ya Mtume wa Mwenyezi Mungu. Bukhari ameipokea habari hiyo. Na ni yeye aliyetufundisha kwamba chakula kiovu kabisa ni cha walima wanayoalikwa matajiri wakaachwa mafukara. Basi ukiandika majina ya wageni, tangulia na yatima wa mtaa na mjane wa jirani.

Jambo jingine tunalolisahau ni uadilifu. Mtume (s.a.w.) alikataa kumshuhudia baba aliyetaka kumpa mwanawe mmoja zawadi na kuwaacha wengine, akamwamrisha amche Mungu na awafanyie watoto wake uadilifu. Nyumba inayommwagia fedha mtoto wa kwanza, ikaja ikashindwa kumnunulia wa nne viatu vya shule, ijihesabu. Kabla ya kutoa hata shilingi, wazazi wakae wawili waulizane: kodi ya nyumba imelipwa? Tunadaiwa dukani? Maziwa ya mtoto ya mwezi ujao yapo? Suratul Furqan, aya ya 67, inawasifu waja wa Rahmani kwamba wanapotoa hawapiti kiasi wala hawafanyi ubahili, bali wako katikati ya hayo.

Na msidhani kwamba kupunguza gharama ni kumnyima mtoto furaha. Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtembelea mtoto mdogo, Abu Umair, ndugu yake Anas bin Malik, akimuuliza habari za ndege wake mdogo. Alirefusha sijida kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, akachukia kumharakisha. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili anataka uso wa baba na kifua cha mama. Mzazi anayehangaika na mkopeshaji hana muda wa kumbeba mwanawe.

Ewe Mola wetu, wabariki watoto wetu na uwafanye wema. Tukinaishe na halali yako tusiitamani haramu. Utukinge na mzigo wa madeni, na utakase nia zetu katika kila sahani tunayoitoa. Amin.