Umeshindaje?

Katika kazi yangu ya kufasiri yapo maneno mengi yaliyonitaabisha, lakini hakuna lililonikalia moyoni kama kitenzi hiki chepesi: kushinda. Miaka kadhaa iliyopita vijana wa nyumba moja ya upataji nafuu hapa Unguja waliniomba nizitazame hatua kumi na mbili wanazozisoma katika vikao vyao, niwasafishie Kiswahili chake. Nyumba hizi zilianza visiwani petu mwaka 2009, na wengi wa wakaazi wake ni watu waliotumia heroini, ingawa hatua zenyewe asili yake ni walevi wa pombe. Hatua ya kwanza inamtaka mtu akiri kwamba mbele ya kilevi hana tena nguvu. Nikaandika: tumeshindwa. Kijana mmoja akanipinga papo hapo. "Mzee," alisema, "mtu aliyekwisha kushindwa atapata wapi nguvu ya kuanza?" Kabla sijajibu, mwenzake mmoja, mnywaji wa zamani aliyekaa mkekani karibu na mlango, akasema, "Mimi nimeshindwa, na leo nimeshinda bila ya kunywa." Wote wakacheka, kisha wakanyamaza.

Walinyamaza kwa kuwa lugha ilikuwa imekwisha kujibu. Kwetu sisi, kushinda ni kumbwaga adui, na kushinda ni kuupitisha mchana mpaka jua lichwe. Jioni tunapokutana tunaulizana: umeshindaje? Hatukusudii kuuliza vita. Lakini kwa mtu aliyefungwa na pombe maana zote mbili ni moja, kwani hana ushindi mwingine ila huo wa kuupitisha mchana huu, na kesho auanze upya. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza suali ambalo naliona ni la maadili kabla ya kuwa la tiba: je, ni wajibu wa nani kumuuliza mlevi ameshindaje, na kuisubiri jawabu?

Nina sababu ya kuuliza. Katika ujana wangu nilikuwa nikipeleka ng'onda bara, na kituo changu kilikuwa Kwamsisi. Msomaji asichanganye: iko Kwamsisi ya Korogwe, iliyo ndani ya mji, na iko Kwamsisi ya Handeni, ya wakulima. Nazungumzia hii ya Handeni. Katika Uzigua vijiji vingi vina majina ya namna hiyo, Kwamatuku, Kwaluguru, Kwachaga, na masikioni mwa mgeni kila jina humwambia kwamba anakwenda kwa mtu, si pahala patupu. Nami nilikwenda kwa mtu. Mwenyeji wangu alikuwa mkulima wa mahindi, hodari wa jembe na wa hadithi, na alikuwa mnywaji.

Alianza, kama walivyoanza wengi wa rika lake, kwa boha, pombe ya miwa inayonywewa penye ngoma na penye shughuli za watu. Boha ina siku zake, na ina watu wanaokuona ukinywa. Baadaye akaingia katika gongo. Gongo imepigwa marufuku Tanganyika kwa sheria tangu mwaka 1966, na kwa sababu hiyo hiyo hunywewa nyuma ya nyumba, haraka haraka, pasi na shahidi. Nilipomzoea nilitambua kwamba asubuhi mikono yake haikuweza kushika kikombe cha chai mpaka apate kwanza funda moja la kile kingine.

Siku moja jamaa zake waliitisha kikao. Walikuwapo wazee, alikuwapo mkewe, nami mgeni nikakaribishwa kwa heshima. Kila mmoja alisema lake, na maneno yetu sote yalikuwa hukumu moja: kwamba anakunywa kwa kupenda, basi na aache kwa kupenda. Akaapa mbele yetu. Na ili kumsaidia kutimiza kiapo, ilikubaliwa afungiwe chumbani siku tatu, apelekewe chakula na maji. Mimi ni mmoja wa waliosema kuwa rai hiyo ni njema. Siku ya kwanza alitetemeka na kuroa jasho. Tukasema, pombe inamtoka. Usiku wa pili alishikwa na degege. Kabla haijapatikana gari ya kumpeleka hospitali, alikuwa amekwisha kufa. Matangani watu walisema kwamba pombe imemuua, nami niliitikia.

Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba tulisema nusu tu. Mwili uliozoea pombe kila siku kwa muda mrefu hujipanga upya kwa ajili yake: ubongo, uliokuwa ukitulizwa daima, huongeza kani yake ili usilale. Pombe ikikatwa ghafla, kani ile hubaki bila ya kizuizi. Kutetemeka huanza ndani ya siku ya kwanza. Degege huweza kuja baina ya saa 6 na saa 48. Na baada ya siku mbili au tatu wengine hupotewa na akili, wakaona yasiyokuwapo, na miongoni mwao wapo wanaokufa. Haya yana dawa, tena si ngeni. Diazepamu, inayopunguzwa siku hadi siku kwa muda wa juma moja hivi, pamoja na vitamini B1, hupatikana katika hospitali zetu za kawaida. Mwenyeji wangu hakuwa na dhambi iliyomzidi yeyote katika kikao kile. Alikuwa na maradhi yaliyohitaji mganga, nasi tukampa komeo.

Kwa hivyo kwa mtu anayeamka na mikono inayotetemeka, la kwanza ni kumwona tabibu kabla ya kuacha, si baada ya kuacha. Na hapa pana habari ambayo laiti tungaliijua siku zile. Si kila mlevi anahitaji kulazwa. Ambaye hajapata kushikwa na degege wala kupotewa na akili alipoacha zamani, asiye na maradhi mengine mazito, na ambaye nyumbani kwake yupo mtu mzima asiyekunywa wa kumwangalia, aweza kutibiwa huku anarejea kulala kwake, madhali anaonwa na tabibu kila siku katika siku zile za mwanzo. Kwa mkulima hili ni jambo kubwa. Ukimwambia aliache shamba msimu wa palizi akalale hospitali miezi miwili, umemwambia achague baina ya pombe na njaa ya wanawe, na aghalabu atachagua kutokwenda.

Wale ambao hali yao ni nzito zaidi, Korogwe iko hospitali ya Magunga, Tanga iko Bombo, na katika milima ya wilaya ya Korogwe iko Lutindi. Hii ya mwisho ilianzishwa na wamisionari mwaka 1896 iwe makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu mwaka 1904 imekuwa ikipokea wagonjwa wa akili; kwa zaidi ya karne moja, basi, watu wa upande ule wamekuwa na mlima wa kukimbilia. Na wala si lazima mtu afike huko ndipo ajijue. Shirika la Afya Duniani lilitunga maswali 10 ya kumpima mnywaji, baada ya majaribio katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo, na muuguzi yeyote aweza kuyauliza kwa dakika chache. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, wauguzi wamekuwa wakizungumza kwa faragha na majeruhi wanaokunywa, katika mpango uliopewa jina la Kiswahili kitupu: Punguza Pombe Kwa Afya Yako.

Lakini dawa humaliza kazi yake kwa juma moja. Baada ya hapo mtu hurejea kijijini, kwenye njia ile ile inayopita mbele ya kilabu kile kile, na mchana una saa zake zote. Wala sheria haiwezi kumpitishia mchana huo. Tanzania bara ilipiga marufuku pombe ya vifuko, viroba, tangu tarehe 1 Machi 2017, na ilifanya vyema. Lakini kiu haikuwa ndani ya kifuko.

Hapa ndipo nakumbuka kisa cha mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani. Bill Wilson, dalali wa hisa aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alikuwa peke yake hotelini, biashara yake imeharibika, na baa iko mbele yake. Alikwenda kwenye simu, akaomba aunganishwe na mlevi mwengine. Wakampata daktari mpasuaji, Bob Smith, naye akakubali kumsikiliza kwa dakika 15. Walikaa zaidi ya saa sita. Kutokana na mazungumzo hayo kilizaliwa chama cha walevi wasiojitaja majina, ambacho leo kina vikao katika nchi zipatazo 180. Ninalolistaajabia katika kisa hiki ni kwamba Wilson hakwenda kumwokoa mtu. Alimtafuta mlevi mwenzake ili yeye mwenyewe asinywe. Hakukuwa na mfadhili na mfadhiliwa, walikuwapo wahitaji wawili.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika kikao kile cha Kwamsisi sote tulikuwa tukiuona usufi, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa amejitwika. Lau angalikuwapo mmoja tu aliyewahi kuubeba mzigo ule, angalituambia kwamba mtu huyu asifungiwe. Wala hili si dhana yangu tu. Mwaka 2020 wataalamu walizikusanya tafiti 27, zenye washiriki zaidi ya 10,000, wakaona kwamba njia hii ya vikao, katika kumfanya mtu aache kabisa na aendelee kuacha, haipungui tiba nyingine za mazungumzo, na mara nyingine huzizidi.

Najua yatakayosemwa visiwani petu. Litasemwa la sitara: kwamba Mwenyezi Mungu akikusitiri, haifai wewe kujifichua. Nami naikubali kanuni hiyo. Lakini sitara ni nguo anayovishwa mtu asidhalilike, haikuwekwa iwe sanda. Vikao hivi vina sitara yao: hakuna jina kamili, hakuna daftari, na lililosemwa mkekani halitoki mlangoni. Aliyemo hafichuki kwa yeyote ila kwa waliokwisha kufichuka mbele yake.

Litasemwa pia kwamba kileo ni haramu, na mwenye kukifanyia upole amekihalalisha. Anayesema hivyo na akumbuke yaliyopokewa na Bukhari kuhusu mtu aliyeletwa mbele ya Mtume mara kwa mara kwa kosa la kunywa. Mmoja wa waliohudhuria alimlaani, na Mtume akakataza asilaaniwe, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Uharamu haukuondoka, na mtu naye hakutupwa. Sisi tumekuwa hodari wa nusu ya kwanza.

Na bara, wasiodhani kuwa kileo ni haramu, wanayo mali yao isiyotumika. Wanao utani. Mtani humwambia mtani wake mambo ambayo nduguye akiyasema pataharibika, humwambia hata mbele ya maiti, na hakuna anayekasirika, kwa kuwa wote wanajua kwamba kesho naye ataambiwa. Waliopona pombe ni watani wa namna hiyo kwa wanaokunywa. Kijiji kilichozoea utani hakihitaji kufundishwa namna ya kuambizana kweli bila ya kuaibishana, kinahitaji kuupeleka mahali pengine tu.

Na si lazima kungoja ofisi wala mfadhili. Kwa desturi ya chama kile, walevi wawili au watatu wanaotaka kuacha, wakikutana kwa nia hiyo, tayari ni kikao. Kwamsisi, Handeni au Korogwe, yatosha uwepo mkeka, siku moja ya juma na saa isiyobadilika, na mganga wa zahanati aliyeambiwa kwamba kikao kipo, ili amlete aliyemtibu, na wao wamrejeshee anayetetemeka. Mikono ya mganga na mikono ya wenzake zikipokezana hivyo, mtu hapati mwanya wa kuanguka katikati.

Kwa miaka miwili, kila jioni nilipokuwa Kwamsisi, nilimwuliza mwenyeji wangu: umeshindaje? Kila jioni alinijibu kwamba ameshinda salama, nami nikapita kwenda kuhesabu ng'onda zangu. Alikuwa akishindwa kila siku mbele ya macho yangu, na suali lilikuwa kinywani mwangu tayari. Sikukaa kitako nikaisubiri jawabu.