Kiwavi ana kosa gani?

Katika bustani ndogo ya madrasa yetu nilipasua bua la muhindi uliodumaa. Ndani nilimkuta kiwavi aliyekufa, na kando yake vifuko vyeupe vidogo kuliko punje za mchele. Nikawaeleza wanafunzi: nyigu mdogo mno humchoma kiwavi angali hai na kutaga mayai mwilini mwake. Watoto wa nyigu huishi kwa majimaji ya mwili huo, kisha hutoboa ngozi na kutoka.

Kijana mmoja akauliza: "Ustadhi, na Mwenyezi Mungu si Mwingi wa rehema?"

Nikajibu haraka: "Kiwavi ameadhibiwa kwa kuharibu mahindi ya watu." Darasa likacheka. Usiku sikupata raha.

Ndugu msomaji, jibu lile lilikuwa batili. Kiwavi hakukalifishwa. Hana halali wala haramu, na bua ndiyo riziki aliyopangiwa. Vipi aadhibiwe asiye na dhambi?

Swali lenyewe si geni. Mwaka 1860 Charles Darwin alimwandikia mwenzake Asa Gray kwamba nyigu walao viwavi hai walimfanya ashindwe kuamini kuwa Mungu mwema na muweza wa yote aliwaumba kwa makusudi.

Wapo wanaojibu kwa kutaja faida. Kweli ipo: mwaka 1993 kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilimwachia huru nchini Kenya nyigu wa aina hii kutoka Asia, ili apunguze viwavi wa mabua. Lakini hiyo ni rehema kwa mkulima. Kwa kiwavi, swali liko palepale.

Sisi tunaamini kuwa hekima ya Mola haina kasoro. Ila kuamini kuwa hekima ipo si sawa na kudai kuwa tunaijua. Malaika nao waliuliza juu ya kuumbwa mwanadamu. Hawakulaaniwa, waliambiwa kuwa Allah anayajua wasiyoyajua. Kosa langu halikuwa kukosa jibu, bali kumzulia Mola sababu.

Na hatuwazulii viwavi peke yao. Mama anauguliwa na mtoto, jirani anakuja kumwambia: "Hiyo ni adhabu, tubia." Nani kampa habari hizo? Aliyeamrishwa kunoa kisu ili mnyama asiteseke, vipi amchinje mwenzake kwa ulimi?

Kipindi kilichofuata niliwaambia wanafunzi: "Jibu langu la juzi lilikuwa kosa. Kwa nini kiwavi afe vile, sijui." Safari hii hakuna aliyecheka.

Wallahu a'lam.