Mwenye Kujenga na Mwenye Kuimba

Siku hizi si ajabu kumwona mtu ambaye mchana hupima viwanja na kuuza nyumba, na jioni hutunga nyimbo au huchora picha. Wengine humsifu, wengine humshuku. Yafaa tujiulize: je, kazi zake hizo mbili ni moja? Na uzuri wa ile ya pili waweza kulipa deni lililoachwa na ile ya kwanza? Swali hili twataka kulipeleka Ulyankulu, mkoani Tabora. Lakini hatuna budi kupitia Unguja kwanza, kwa sababu ndiko ilikoishia njia ya misafara.

Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, alikuwa mjenzi mkubwa. Aliuletea mji maji ya mfereji, akajenga majumba, na mwaka 1883 akalisimamisha lile liitwalo Beit al-Ajaib. Ndiye huyo huyo ambaye, kama isimuliwavyo, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze muziki, na hivyo taarabu ikapata makao yake ikuluni. Mali yake ilitoka wapi? Ilitoka katika karafuu zilizolimwa na watumwa, katika ushuru wa forodhani, na katika pembe za ndovu zilizoteremka kutoka Tabora mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi. (Wapagazi hao nao walikuwa na nyimbo zao, tena zisizohitaji ukumbi wala mfadhili.) Mkataba wa 1873 ulikataza biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria za Unguja mpaka 1897.

Wapo wasemao kwamba sanaa huitakasa mali. Sisi hatukubali. Mpagazi aliyeumia bega hakulipwa na fidla iliyopigwa mbele ya Sultani. Lakini wapo pia wasemao kwamba sanaa iliyolelewa na dhuluma ni dhuluma tupu, na hao nao wamekosea. Taarabu ilitoka ikuluni. Siti binti Saad, aliyezaliwa katika ufukara huko Fumba, aliichukua akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika santuri huko Bombay. Jumba likabaki mahali pake, na mwezi Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka. Mwenye nyumba aweza kufunga mlango wake. Mwenye wimbo hana mlango wa kufunga.

Tukirudi Unyamwezi, twakuta fikira nyingine juu ya mjenzi. Neno mtemi aghalabu huelezwa kuwa latokana na kutema, yaani kukata: wengine husema ni kukata miti ya pori, wengine kukata mashauri. Sisi twapenda maelezo ya kwanza, maana yanamweka kiongozi mahali pa yule aliyetangulia kushika shoka. Ulyankulu ilikuwa katika himaya ya Mtemi Mirambo, aliyefariki 1884, naye alikuwa mjenzi wa miji yenye maboma. Hata hivyo haki ya mfyekaji ilikuwa haki ya kutumia ardhi, wala si ya kuiuza kama kitambaa. Mwalimu Nyerere aliitetea fikira hiyo mwaka 1958, alipopinga ardhi kugeuzwa bidhaa, na sheria za ardhi za 1999 zingali zikisema kwamba ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Basi muuza nyumba wetu, kwa haki, auza jasho lililotiwa katika ardhi. Hapo ndipo pagumu: jasho la nani?

Mwaka 1972 wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi waliletwa katika pori la Ulyankulu. Walikata miti, wakalima, wakajenga vijiji kando ya barabara zilizopewa namba. Haikuwa rahisi, ardhi na maji havikuwatosha wote, na kuanzia 1978 maelfu walihamishiwa Mishamo. Waliobaki walijenga makanisa, na makanisani wakaunda kwaya. Mojawapo imesikika mbali sana na Tabora kwa jina la Kwaya ya Ulyankulu Barabara ya 13. Mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi wake: kwa nini watu waichukue namba ya mpimaji, isiyo na utamu wowote, waifanye jina la sauti zao? Kwa maoni yetu, ni kwa sababu mikono iliyoifyeka barabara ile ilikuwa ya waimbaji wenyewe na wazazi wao. Hapa kujenga na kuimba ni kazi moja kweli, kwa kuwa hakuna bega la mtu mwingine lililolipia ukumbi.

Kisha likaja jaribio. Serikali ilipokubali kuwapa uraia wakimbizi hao wa 1972, na maombi ya zaidi ya watu 162,000 yakakubaliwa kufikia 2010, mpango wa awali uliwataka wahame makazi yao, watawanyike katika mikoa mingine. Wangepata taifa na kupoteza mahali. Nyimbo wangeweza kuzichukua. Visima, miembe na makaburi wasingeweza. Mpango huo uliachwa, na tangu 2014 walikabidhiwa vyeti vyao vya uraia, wakiruhusiwa kubaki. Barabara ya 13 ikabaki na wenyewe.