Je, Kunyamaza Mbele ya Mkubwa Ni Heshima?

Methali yetu yasema, Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi sote tumelelewa kwa neno hilo, nami huwafundisha watoto shuleni, wala sina nia ya kulitangua. Lakini kwa muda sasa nimekuwa nikiwaza swali jingine lililo jirani na hilo. Mkubwa asiyesikia la mdogo, yeye huvunjika nini? Na yule mdogo aliyeona hatari akaitaja kwa sauti ya chini, hata isisikike, je, ametimiza wajibu wake, ama bado? Swali hili lilinishika nilipokuwa nikisoma habari za eropleni ambazo magurudumu yake yalikataa kushuka. Nitazisimulia kwa kadiri nilivyozifahamu, maana nadhani zatuhusu hata sisi tuendao kwa miguu.

Eropleni kubwa ina magurudumu kama motakaa, lakini ikiisha kuruka huyakunja na kuyaficha tumboni, kama njiwa akunjavyo miguu yake. Ikikaribia kutua, rubani huyashusha, na kila mguu ukiisha kushuka na kujifunga imara, taa ya kijani huwaka mbele yake. Taa moja isipowaka, mambo ni mawili: ama mguu haukujifunga, ama taa yenyewe imekufa. Hapo marubani hawatui kwa haraka. Hupanda tena juu, wakaijaribu taa, wakatafuta njia nyingine ya kuushusha mguu. Pengine hupita chini karibu na mnara wa kiwanja, ili watu walioko huko wawatazame na kuwaambia walionalo. Huzunguka angani kupunguza mafuta, kwa kuwa eropleni nyepesi hutua taratibu zaidi, na mafuta yakiwa machache moto nao huwa haba. Abiria hufundishwa jinsi ya kuinama, na watu wa kuzima moto hungoja chini.

Mambo haya yakifanywa kwa utaratibu, ni ajabu jinsi watu waponavyo. Tarehe 21 Septemba 2005 eropleni ya kampuni ya JetBlue iliondoka Burbank, katika jimbo la California huko Marekani, yenye watu 146. Magurudumu yake ya mbele yalikuwa yamegeuka upande na kukingama kabisa, hayawezi kuviringika. Rubani alizunguka angani kama saa tatu, abiria wakahamishiwa viti vya nyuma, kisha akashuka Los Angeles. Mipira iliwaka moto na chuma kikasagika juu ya lami huku cheche zikiruka, lakini hakuumia mtu hata mmoja.

Tena tarehe 1 Novemba 2011, siku ya Watakatifu Wote, eropleni ya shirika la LOT la Poland ilifika Warsaw kutoka Marekani, ikiwa na watu 231, wala halikutoka gurudumu hata moja. Eropleni za jeshi ziliruka karibu nayo kuitazama. Rubani Tadeusz Wrona akailaza kwa tumbo, taratibu, katikati ya njia iliyomwagwa povu, na wote 231 wakatoka wazima. Baadaye ilionekana kwamba swichi moja ndogo ya usalama wa umeme, ndani ya chumba cha marubani, ilikuwa imejifyatua. Eropleni ilipokwisha kuinuliwa na swichi ile kusukumwa mahali pake, magurudumu yakashuka yenyewe. (Mtu atacheka, lakini ni nani kati yetu ambaye hajapata kuitafuta miwani iliyo usoni pake?)

Basi mguu mbovu peke yake si lazima uue watu. Sasa nitasimulia safari mbili ambazo watu walikufa, na katika zote mbili miguu ilikuwa imeshuka sawasawa.

Ya kwanza ni ya usiku wa tarehe 29 Desemba 1972. Eropleni ya kampuni ya Eastern, yenye watu 176, ilikuwa ikikaribia Miami, nayo taa ya mguu wa mbele haikuwaka. Rubani mkuu akapanda hata futi 2,000, akaiacha eropleni ijiongoze yenyewe kwa mtambo wake, na wote chumbani wakaishughulikia ile taa. Mmoja akaichomoa, ikakwama wakati wa kuirudisha. Mwingine akatumwa chini kuchungulia mguu kwa macho. Katika shughuli hiyo, mtambo ule uliokuwa ukiishika eropleni katika kimo chake ulijifungua bila wao kujua, ikaanza kushuka polepole gizani, juu ya nchi ya mabwawa isiyo na taa hata moja. Kengele ya kuonya ililia, hakuna aliyeijali. Na katika kiwanja alikuwako mwongozi, ambaye chombo chake cha rada kilimwonyesha kwamba kimo kimekuwa futi 900 tu. Yeye aliuliza. Lakini hakutaja kimo. Aliwauliza tu mambo yao yanaendeleaje huko. Wakamjibu kwamba wangependa kugeuka na kurudi, akawapa ruhusa, na mara wakaanguka. Watu 101 walipoteza maisha yao. Mguu wa mbele ulikuwa umeshuka; globu ndiyo iliyoungua.

Msomaji, nakuomba ulishike swali lile la mwongozi, maana tutarudi kwake.

Safari ya pili ni ya tarehe 28 Desemba 1978. Eropleni ya kampuni ya United, aina ya DC-8, ilikuwa na watu 189, ikienda Portland katika jimbo la Oregon. Magurudumu yaliposhushwa, ulisikika mshindo mkubwa, na taa ya mguu wa mbele peke yake ndiyo iliyowaka. Alama ndogo zilizo juu ya mabawa zilionyesha kwamba miguu yote imeshuka na kushika. Lakini rubani mkuu, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, alitaka kuwa na yakini, tena alitaka wahudumu wapate wasaa wa kuwaandaa abiria bila kuwatia hofu. Basi akazunguka karibu na mji muda wa saa nzima. Nia yake ilikuwa njema, na hilo ndilo linisikitishalo zaidi: aliwahurumia watu wake, na huku huruma yake ikiyala mafuta yao.

Pamoja naye chumbani walikuwamo rubani wa pili na fundi wa mitambo. Rubani wa pili aliuliza mafuta yamebaki kiasi gani, akaambiwa yamebaki ratli elfu tano. Yapata saa kumi na moja na dakika 50 jioni, rubani mkuu alimwagiza fundi afanye hesabu ya uzito kwa kukadiri robo saa nyingine angani. Fundi alijibu kwamba robo saa itawafikisha mahali pa mafuta machache sana. Alilisema. Limo katika chombo kilichohifadhi maneno yao. Lakini alilisema kama mtu atoaye maoni yake juu ya mvua, na rubani mkuu aliendelea na habari za magurudumu. Robo saa ikapita na kidogo zaidi, injini ya kwanza ikazimika. Wakageuka kuelekea kiwanja, wakiwa wamechelewa. Saa kumi na mbili na robo eropleni ilianguka katikati ya miti na nyumba, maili chache tu kutoka kiwanjani. Moto haukutokea, maana hapakuwa na mafuta ya kuwaka. Watu kumi walikufa, na wengine 23 wakaumia vibaya. Fundi yule alikuwa mmoja wa waliokufa.

Wakaguzi wa serikali waliweka kosa kwanza juu ya rubani mkuu, kwa kutoyaangalia mafuta na kutowasikia wenzake. Lakini hawakuishia hapo. Walisema pia kwamba wale wawili, ama hawakuelewa barabara ukubwa wa hatari, ama walishindwa kumfikishia mkubwa wao wasiwasi wao.

Mimi siwezi kumhukumu fundi yule, kwa sababu namjua. Namjua kwa kuwa nimekuwa kama yeye. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukijenga banda la kusalia katika kijiji kimoja, na mkuu wa mafundi alikuwa mzee wa rika la baba yangu. Niliiona boriti moja imeliwa na mchwa kwa ndani. Nikamwambia, "Baba, boriti hii waionaje, haijachoka kidogo?" Akaigonga mara moja kwa kiganja, akasema, "Itafaa." Nikanyamaza, nikajisifu moyoni kwamba nimemheshimu mzee. Mvua za masika zilipokuja, paa lilianguka usiku. Kwa rehema za Mungu hapakuwa na mtu ndani, ila viti vilipondwa vyote. Asubuhi mzee alinijia amejaa huzuni, akauliza, "Mwalimu, kwa nini hukuniambia?" Nikasema, "Nilikuambia, baba." Akanitazama kitambo, akasema, "La. Hukuniambia. Uliniuliza."

Tangu siku hiyo nimelifikiri neno lake. Mwongozi wa Miami naye aliuliza. Sisi wadogo hupenda kuuliza tukiwa tunajua, kwa sababu anayeuliza hakosi kamwe. Mkubwa akikubali, tumeonekana wenye busara. Akikataa, hatukubishana naye. Na mambo yakiharibika, twaweza kusema kwamba tulitaja. Je, hiyo ni heshima? Nimejichunguza, nikaona kwamba siku ile ya boriti sikuogopa kumvunjia mzee heshima yake, bali niliogopa kukemewa mbele ya vijana. Nililinda jina langu, nikaliita adabu. Kama ningalimheshimu kweli, nisingalikubali jina lake lianguke pamoja na paa.

Huenda mtu akanipinga kwa methali nyingine: Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Naam, ni kweli, na eropleni yenye warubani watatu wanaogombea usukani ni mbaya kuliko isiyo na magurudumu. Wala sisemi kijana asimame barazani na kuwafokea wazee. Wako wanaofanya hivyo sasa na kujiita wasema kweli, na kweli yao hainufaishi mtu. Lakini fundi wa Portland hakudaiwa kushika usukani. Alidaiwa neno moja la wazi: kwamba mafuta yatakwisha kabla ya kufika, tugeuke sasa. Akiisha kulisema hivyo, uamuzi ungalibaki kwa rubani mkuu. Watazameni watumishi wa Naamani. Bwana wao alikuwa amegeuka kwa hasira aende zake, nao wakamkaribia, wakamwita baba, na bado wakamwonyesha waziwazi kwamba anakosa. Unyenyekevu wao ulikuwa katika jina walilomwita na namna ya kumkaribia. Neno lenyewe hawakulipunguza.

Na wakubwa je? Hapo ndipo, kwa maoni yangu, mzigo ulipo mzito zaidi, kwa kuwa ukimya wa mdogo mara nyingi mkubwa ndiye aliyeujenga, kemeo moja juu ya jingine, kwa miaka mingi. Yule akida aliyemchukua Paulo kwenda Rumi aliyapuuza maonyo ya mfungwa wake, akafuata shauri la wenye merikebu, na dhoruba ikawapata. Lakini mara ya pili, Paulo alipomwonya juu ya mabaharia waliotaka kutoroka na mashua, akida alisikia, askari wake wakazikata kamba, na watu 276 wakaokoka. Alikuwa mtu mkubwa akimsikiliza mfungwa. Kwangu mimi hilo si jambo dogo.

Makampuni ya eropleni nayo yalijifunza kwa gharama. Mwaka 1979 idara ya anga ya Marekani, NASA, iliita mkutano juu ya jambo hili, na mwaka 1981 kampuni ya United ikaanza kuwafundisha marubani wake namna ya kusema na namna ya kusikia. Rubani mkuu hufundishwa kuwauliza wenzake waonavyo, na kungoja jibu. Mdogo hufundishwa kulitaja jambo lenyewe na idadi yake, na asipojibiwa, alirudie. Mafunzo ya namna hiyo yameenea katika nchi nyingi. Twaweza kustaajabu kwamba watu wazima, wenye elimu ya kuruka mbinguni, wapelekwe shule wakafundishwe kusema. Mimi sistaajabu. Darasani mwangu, kwa miaka yangu ya kwanza, hakuna mtoto aliyepata kunionyesha kosa ubaoni, nami nilidhani ni kwa sababu sikosei.

Nimejaribu kubadilisha desturi hiyo, na haikuwa rahisi, wala kwao wala kwangu. Juma lililopita nilikuwa nikiandika hesabu, jua kali, nami nimechoka. Msichana mmoja wa safu ya nyuma akasimama, mikono nyuma, macho chini kama ilivyo adabu yetu. Akasema, "Samahani, Mwalimu. Saba mara nane si hamsini na nne." Darasa zima likanyamaza likinitazama, nami nikahisi uso ukinipata moto. Nikachukua kitambaa, nikafuta.