"Mimi" wa Zaburi ni nani?



Leo nataka tuongee kuhusu mashairi. Subiri, usikimbie kwanza. Najua wengine hamu ya mashairi iliwaisha darasani, siku mwalimu alipowaambia mhesabu mizani na mtaje vina vya kati na vya mwisho. Hata mimi. Lakini kila Jumapili, baada ya somo la kwanza, tunaimba shairi bila kuliita hivyo. Tunaliita wimbo wa katikati. Zaburi ziko 150, zote ni mashairi, na nyingi sana zinasema "mimi".

Swali langu la leo ni hilo: huyo "mimi" ni nani?

Nianze na aibu yangu. Nilipokuwa parokiani katika mwaka wa uchungaji, kijana mmoja wa kwaya aliniandikia usiku. Dada yake, ambaye ndiye aliyemlea, alikuwa amefariki wiki tatu kabla. Akasema, "Frateri, siwezi kusali tena. Nikifungua mdomo hakuna kitu."

Basi mimi na digrii yangu ya falsafa nikashika simu. Nikamwandikia ujumbe mreeefu: uhuru wa mwanadamu, mateso, Mtakatifu Agustino na fundisho lake kwamba uovu ni upungufu wa wema. Hadi leo sioni kosa la hoja pale. Baada ya saa nzima akajibu, "Asante Frateri."

Si unaijua "asante" ya namna hiyo? Ni mlango unaofungwa taratibu, kwa heshima.

Siku mbili baadaye ikafika Ijumaa. Wanaosali Masifu wanajua: sala ya usiku ya kila Ijumaa, ile ya mwisho kabla ya kulala, ina Zaburi ya 88. Kwa kweli nilikuwa naipitia haraka haraka. Ni Zaburi ngumu. Zaburi nyingi za maombolezo huanza na kilio, halafu mwishoni hugeuka zikawa tumaini au sifa. Hii haigeuki. Mtu analia kwa Mungu mchana na usiku, rafiki zake wamemwacha, na katika Kiebrania neno lake la mwisho kabisa ni giza. Hapo inaisha.

Usiku ule nikasimama katikati ya Zaburi. Nikagundua kwamba kila nilichosoma ndicho alichojaribu kuniambia yule kijana, nami nikamjibu kwa insha.

Sasa tuelewane kidogo. Utenzi husimulia: fulani alitoka hapa, akapigana kule, akashinda. Wewe msomaji unakaa pembeni unatazama. Shairi la hisia ni tofauti. Linasema "mimi", halafu halitoi kitambulisho. Kichwa cha Zaburi ya 88 kinamtaja Hemani Mwezrahi, lakini mashairi yenyewe hayasemi alikuwa anaumwa nini, mwaka gani, wala rafiki waliomkimbia waliitwa nani. Mshairi hakusahau. Ameacha kiti wazi. Ukiisoma kwa sauti, ukitamka "mimi", tayari umekikalia.

Mtakatifu Atanasi aliliona hili katika karne ya 4. Katika barua yake kwa Marselino anaeleza kwamba maneno ya vitabu vingine vya Maandiko tunayasikia kama maneno ya watu wanaosimuliwa, lakini anayeimba Zaburi huyatamka kama yake mwenyewe. Kwake Zaburi ni kama kioo: unajiona humo jinsi roho yako ilivyo.

Na Bwana wetu mwenyewe alikalia kiti hicho. Msalabani, kwa ushuhuda wa Mathayo na Marko, kilio chake ni maneno ya mwanzo ya Zaburi ya 22. Yeye aliye Neno wa Mungu, katika maumivu makali kuliko yote, aliazima maneno ya shairi la watu wake. Basi mimi na wewe tuone aibu gani kuazima?

Usiku ule ule nikamwandikia tena yule kijana, safari hii mstari mmoja: "Fungua Zaburi ya 88, isome kwa sauti, usinijibu kitu."

Alijibu saa sita kasoro. "Frateri, huyu mtu ananijua?"

Nisikudanganye kwamba kila kitu kiliisha pale. Hakurudi kwaya mwezi ule, wala uliofuata. Lakini aliniambia kwamba kila Ijumaa usiku alikuwa anaisoma, na kwamba hiyo ndiyo sala pekee aliyoiweza. Kumbe alikuwa anasali! Aliyedhani hakuna kitu mdomoni alikuwa anasali pamoja na Kanisa zima, ila hakujua.

Labda unajiuliza: je, mimi niliye na furaha zangu, nikisoma kilio kama hicho si naigiza? Swali zuri. Mtakatifu Agustino, katika mahubiri yake juu ya Zaburi, anafundisha kwamba anayesema humo ni Kristo mzima, Kichwa pamoja na viungo vyake. Maana yake, Ijumaa ambayo wewe huna machozi, kuna kiungo kingine cha mwili huo kinalia, pengine mtu wa jumuiya yako ndogo ndogo, na hana sauti. Unamwazima ya kwako. Na zamu yako ikifika, kuna mtu mahali fulani atakuwa anaisoma kwa ajili yako, hata kama hakujui jina.

Ndiyo maana siipitii haraka tena. Kila Ijumaa, kabla sijaanza, natafuta kwanza sura ya mtu mmoja.

Nakuomba ujaribu wiki hii. Ijumaa usiku weka simu pembeni, fungua Biblia, soma Zaburi ya 88 kwa sauti, hata ya chini. Usiruke "mimi" hata moja, na usiharakishe kuongeza mwisho mzuri ambao mshairi hakuuweka. Kama giza hilo ni lako, una maneno tayari. Kama si lako, mtaje kwa jina yule unayemsomea.

Halafu kesho yake mpigie. Usimwandikie insha.

Tumsifu Yesu Kristo!