Dhana na Yakini katika Maradhi ya Gari

Gari kuukuu lina namna nyingi za kuugua, lakini hapana maradhi yake yanayomtia mwenyewe mashakani kama kupungukiwa na nguvu. Gari lililokufa kabisa husema kweli: limekufa. Gari lisilovuta huwaka, hutembea na hupakia, ila mlima uliokuwa ukipandwa kwa gia ya 3 sasa wataka gia ya 2, na baada ya mwezi mmoja wataka ya 1. Lina nusu ya uzima na nusu ya ugonjwa, na baina ya nusu hizo mna nafasi ya kila mtu kusema apendalo. Mmoja husema plagi. Wa pili husema kabureta. Wa tatu, ambaye hakuulizwa, husema injini ishushwe. Katika hao watatu hakuna atakayelipa kitu. Atakayelipa ni mwenye gari, na mwenye gari kuukuu aghalabu hana fedha ya kununua makosa mawili ili apate sahihi moja.

Kwa hiyo swali la gari lisilovuta ni swali la adili kabla halijawa swali la spana. Gharama ya kutojua ni juu ya nani?

Wanavyuoni wa zamani waliigawa hali ya moyo mbele ya jambo lisilodhihirika. Kuna shaka, ambamo pande mbili za jambo zina uzito mmoja; kuna dhana, ambamo upande mmoja umelemea; na kuna yakini, ambamo upande wa pili haupo tena. Maneno haya yote matatu ni ya Kiswahili cha kila siku, na watu huyatumia pasipo kuyapima. Katika gereji mgawanyo huo si anasa ya darasani. Fundi asemaye, "Pampu ya mafuta imekufa," hali anadhani tu, amelitoa neno lake katika fungu la pili akalitia katika la tatu, na tofauti baina ya mafungu hayo ni bei ya pampu.

Njia ya kutoka katika dhana inajulikana. René Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1637 juu ya kuiongoza akili, aliweka kanuni ya kuanza na yaliyo mepesi na kupanda kwa daraja hata yaliyo magumu. Yeye alitaka wepesi wa kufahamika. Mtu wa mfuko mdogo huongeza wepesi wa kulipika. Wepesi huu wa pili haulingani daima na wa kwanza, wala jambo rahisi si lazima liwe ndilo lenye uwezekano mkubwa. Hata hivyo jaribio lisilogharimu kitu lina haki ya kutangulia, hata kama tumaini lake ni dogo, kwa sababu likikosa halikumdhulumu mtu.

La kwanza ni kuuliza kama kuna kilichopotea. Injini ya petroli isiyosukumiwa hewa kwa mtambo hupungukiwa na kadiri ya sehemu 3 katika 100 za nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda juu, kwa kuwa hewa huwa nyepesi. Gari litokalo Mombasa, penye usawa wa bahari, likafika Nairobi, karibu mita 1,700 juu, limeacha njiani kadiri ya sehemu moja katika sita za nguvu zake, na halina ugonjwa wowote. Dereva mgeni wa nyanda za juu anaweza kubadilishiwa spea tatu kwa kosa la mlima.

Pili huulizwa kama nguvu hazipotei nje ya injini. Gari husukumwa kwa mkono mahali tambarare; likigoma, breki zinabana, na rimu yenye joto kuliko wenziwe itaonyesha ni gurudumu lipi. Injini ikipiga kelele nyingi mlimani na mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Kisha mtu mmoja hukanyaga ekseleta mpaka chini na mwingine hutazama kama mlango wa hewa wa kabureta wafunguka wote; waya uliolegea, au zulia lililokunjamana chini ya pedeli, umekwisha kuwafanya watu wakaihukumu injini isiyo na hatia. Chujio la hewa hutolewa likatazamwa mbele ya jua. Plagi hutolewa zikasomwa: rangi ya kahawia hafifu ni salama, masizi makavu ni mafuta kuzidi hewa, weupe ni hewa kuzidi mafuta, na ulowevu wa oili ni habari mbaya. Yote haya hayajagharimu ila muda.

Habari hiyo mbaya ndiyo iletayo jaribio lililo zuri kuliko yote. Kipimo cha mgandamizo huazimwa, plagi zote hutolewa injini ikiwa moto, ekseleta hukanyagwa, na injini huzungushwa kwa stata. Injini nyingi za petroli zilizo nzima huonyesha baina ya paundi 120 na 180 kwa inchi ya mraba, lakini tofauti ya silinda na silinda ina maana kuliko idadi yenyewe: iliyo chini isipofika robo tatu ya iliyo juu, pana neno. Ndipo kijiko kimoja cha oili hutiwa katika tundu la silinda dhaifu na kipimo hurudiwa. Kikipanda, oili imeziba pengo la ringi zilizolika. Kisipopanda, hewa yatokea kwenye valvu au gasketi ya hedi. Injini haiwezi kujibu swali hilo kwa mafumbo. Kijiko cha oili kimetenganisha kazi mbili zenye bei mbalimbali mno, na fundi asiyekitumia, akashusha injini nzima kwa ajili ya valvu moja, hawezi kujitetea kwa umaskini wa vifaa.

Itasemwa kuwa fundi naye ni maskini, hana kipimo, na ana watoto wanaongoja chakula. Ni kweli, na hoja hii haifai kudharauliwa. Tena, wenye magari wenyewe wana fungu lao katika dhambi hii. Mtu hulipa bila kinyongo kabureta mpya aliyoishika mkononi, lakini fundi akitafuta saa mbili na kuona mpira wa hewa uliopasuka, mwenye gari hulipa bei ya mpira, akaondoka akijiona mjanja. Anayelipa vitu na halipi fikira amemfundisha fundi kuuza vitu. Haki ya kutafuta yapasa kukubaliwa mapema, kupatikana au kutopatikana kwa spea ya kubadilisha.

Lakini umaskini wa fundi haumlazimishi kusema uongo. Kudhani si kosa. Mtu aweza kukubali kubahatisha fedha yake akiambiwa wazi kuwa ni bahati. Kosa ni kuivika dhana kanzu ya yakini, kwa sababu hapo mwenye mali amenyang'anywa uchaguzi pamoja na fedha. "Nashuku chujio la mafuta, nalo ni rahisi, tukikosa, tutapima" ni maneno ambayo hayahitaji kifaa chochote.

Na uchaguzi huo una thamani hata ugonjwa ukiwa hauna dawa inayolipika. Mkulima wa Lushoto mwenye pikapu ya ringi zilizolika, aliyeambiwa kweli, aweza kuamua kutoshusha injini mwaka huu. Atapunguza magunia ya kabichi, ataondoka alfajiri hewa ikiwa ya baridi na nzito, atachukua galani ya oili chini ya kiti, na kila asubuhi atachomoa kijiti cha oili kabla ya kuwasha.