Dawa ni Amana ya Nani?

Miongoni mwa maswali tunayoulizwa na ndugu wanaoichunguza dini, yako ambayo kwa nje huonekana kuwa ya hospitali, lakini ukiyafunua ndani unakuta ni ya imani. Swali la namna hii niliulizwa Mlandizi, baada ya sala ya Alasiri, na kijana mmoja ambaye hakuwa bado ameingia katika Jumuiya. Alisema: "Sheikh, mnatufundisha kwamba kila ugonjwa Mwenyezi Mungu ameuwekea dawa yake. Mbona basi tunasikia kuwa wako vijidudu ambao dawa haiwaui tena? Je, dawa ya Mungu yaweza kushindwa?"

Kisha akanieleza kilichomsukuma kuuliza. Mtoto wake alipopata mafua na kikohozi, jirani, mama mwenye huruma, alimpa vidonge vichache vya rangi mbili vilivyosalia nyumbani kwake. Mtoto akapona. Miezi kadhaa baadaye mtoto yuleyule aliugua homa kali, akalazwa, na dawa ya kwanza aliyopewa haikufaa kitu. Alipona kwa dawa nyingine, baada ya siku za hofu kubwa. "Niambie," akasema kijana, "yule mama alitenda wema au alitenda kosa?"

Yafaa kwanza tulifahamu jambo lenyewe. Dawa ziitwazo antibiotiki huua bakteria. Hazina kazi juu ya virusi, ambavyo ndivyo viletavyo mafua na vikohozi vingi vya watoto. Katika mamilioni ya bakteria waliomo mwilini, huenda wakawapo wachache wenye nguvu ya kustahimili dawa. Dawa ikitumiwa pasipo haja, au kwa kipimo pungufu, walio dhaifu hufa na wenye nguvu husalia. Nao huzaana, na tena huweza kuwarithisha bakteria wenzao nguvu hiyo. Huu ndio usugu. Basi si mwili wa mgonjwa uliozoea dawa, kama wengi wadhanivyo, bali ni bakteria. Na bakteria hajui mpaka wa nyumba wala wa kijiji.

Hatari hii haikufichika. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945, katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, kwamba mtu atakayetumia dawa hiyo kwa kipimo kidogo atawafunza vijidudu kuistahimili. Hakusikilizwa ipasavyo. Hapa kwetu, watafiti waliwachunguza watoto zaidi ya 1,800 waliolazwa Muhimbili katika miaka ya 2001 na 2002. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba miongoni mwa watoto ambao damu yao iliingiwa na bakteria wa kundi moja lenye usugu mwingi, zaidi ya 40 katika kila 100 walifariki, hali waliofariki kwa malaria walikuwa kama 20 katika kila 100. Na kwa ulimwengu mzima ilikadiriwa kwamba katika mwaka 2019 watu wapatao 1,270,000 walikufa kwa sababu ya usugu huu.

Huenda mtu akasema: "Wataalamu watatafuta dawa mpya, na shida itakwisha." Naam, kutafuta ni wajibu, na Muislamu hana budi kumheshimu anayetafuta. Mwaka 1943, katika maabara ya Selman Waksman huko Marekani, ilipatikana streptomaisini, dawa ya kwanza ya kuaminika dhidi ya kifua kikuu. Nayo ilitokana na viumbe wadogo waishio udongoni. Mwaka 2015 ilitangazwa teiksobaktini, iliyotokana na bakteria wa udongoni ambaye zamani hakuweza kuoteshwa maabarani. Tazama hekima ya Muumba: katika udongo uleule tunaoukanyaga ameweka hazina za uponyaji. Lakini kutoka maabarani hata kumfikia mgonjwa ni safari ya miaka mingi, na njiani mna vikwazo viwili vikubwa.

Kwanza, tamaa ya faida. Dawa mpya ya namna hii yapasa iwekwe akiba na kutumiwa kwa nadra. Na kitu kisichouzwa kwa wingi hakimtajirishi muuzaji. Kampuni moja ya Marekani, Achaogen, ilipata kibali cha dawa yake mpya mwaka 2018. Mwaka 2019 ikafilisika. Dawa ilikuwako, wagonjwa walikuwako, soko halikuiona thamani yake.

Pili, mwenendo wetu. Streptomaisini ilipojaribiwa Uingereza, matokeo yaliyotolewa mwaka 1948 yalionyesha wagonjwa wengi wakipata nafuu, kisha vijidudu vya kifua kikuu vikawa sugu ndani ya miili yao. Ikabidi dawa ile iambatanishwe na nyingine. Dawa mpya ikitiwa katika mwenendo wa zamani, haichukui muda kuchakaa.

Sasa turudi kwenye swali la kijana. Mtume Mtukufu s.a.w. alitufundisha kwamba kila maradhi yana dawa. Lakini alifundisha pia kwamba kupona hupatikana, kwa idhini ya Mungu, pale dawa inapolingana na ugonjwa. Antibiotiki kwa mafua hailingani. Basi ahadi ya Mungu haikuvunjika. Tulioivunja ni sisi, tulioichukua neema na kuliacha sharti lake.

Na kuhusu yule mama, hakuna awezaye kusema kwamba ni vidonge vile vilivyomletea mtoto bakteria sugu. Huenda aliwapata penginepo. Lakini funzo la Mtume s.a.w. liko wazi. Alipiga mfano wa watu waliomo katika jahazi moja, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakaona usumbufu kupanda juu kuchota maji, wakaazimia kutoboa tundu katika sehemu yao wenyewe. Nia yao haikuwa mbaya. Walitaka maji tu, wala hawakutaka kuwaudhi wenzao. Walakini wakiachwa, wote huzama.

Watu wa Mlandizi hawahitaji kwenda baharini kuuelewa mfano huu. Wanao mto Ruvu, na mtambo wa Ruvu Juu unaopeleka maji Kibaha na Dar es Salaam. Nani atakubali mtu wa juu ya mto aseme, "Hapa ni penye shamba langu, nitamwaga nipendavyo"? Hivyo ndivyo ilivyo nguvu ya dawa. Kidonge ni mali yako uliyokilipia. Nguvu ya kidonge ni amana ya watu wote, hata ya mtoto ambaye hajazaliwa.

Kwa hiyo nilimjibu: huruma ya mama yule ni wema, na Mungu hapotezi malipo ya nia njema, lakini tendo lenyewe lilikuwa kosa. Mtume s.a.w. alifundisha kwamba atibuye watu bila ya elimu ya tiba huwajibika kwa madhara yake. Huruma ya kweli humfuata mwenye elimu. Hadhrat Maulvi Nuruddin r.a., Khalifa wa kwanza wa Seyidna Ahmad a.s., alikuwa tabibu wa Maharaja wa Jammu na Kashmir. Ucha Mungu wake haukumfanya aache kujifunza tiba.

Kijana akanikatiza: "Na maskini asiye na fedha ya dozi nzima, afanye nini?" Hili lilinichoma, kwa kuwa ni haki. Haifai kumlaumu maskini peke yake kwa tundu, hali wa juu wamekataa kumpa maji. Na nchi yetu imekwisha onyesha njia. Kuanzia mwaka 1977, chini ya Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, akishirikiana nao Dakta Karel Styblo, dawa zilitolewa bure na mgonjwa akasimamiwa azimeze. Mfano huo ulifuatwa na mataifa mengi. Uchunguzi wa 2006 na 2007 ulionyesha kuwa usugu wa dawa kuu za kifua kikuu ulikuwa kwa mgonjwa 1 tu hivi katika kila wagonjwa wapya 100. Uadilifu na huruma vilipokutana, dawa ilihifadhika.

Basi, ndugu msomaji, usinunue antibiotiki bila ya ushauri wa mganga. Uliyopewa itumie kama ulivyoagizwa. Wala usimgawie jirani. Badala yake mpe nauli ya kufika kituo cha afya, na pakiwa na haja ya dozi, mchangie aipate kamili. Hiyo ndiyo sadaka isiyotoboa jahazi. Mwenyezi Mungu awafungulie watafutao dawa milango ya udongo wake, na atufanye sisi kuwa waaminifu wa amana. Amin.